Ndege Zinazotua Hazikuhesabiwa

Harufu ya kwanza ya ng'ambo niliyoijua ilikuwa ya sabuni ya kipande na mafuta ya taa. Niliinusa juu ya paa la ploti yetu, jengo la wapangaji pale mtaa wa Fedha, Embakasi, mashariki mwa Nairobi, mahali pa kuanika nguo, ambapo shuka za nyumba zote zilipeperuka pamoja, na upepo ukivuma kutoka upande wa uwanja wa ndege ulituletea kitu kama harufu ya stovu iliyozimwa sasa hivi. Mama alisema ni jikoni kwa mtu. Mimi na Hamdi tulijua ni ndege. Ilikuja na mngurumo uliotetemesha tangi za maji, kisha tumbo jeupe likapita juu yetu, karibu kiasi cha kukufanya uiname hata kama umezoea. Mpaka leo stima ikipotea nikafungua chupa ya mafuta ya taa, kinachonijia kwanza si giza. Ni Oslo. Ni Toronto. Ni miji ambayo sijawahi kuiona kwa macho, na ambayo wakati ule nilikuwa tayari kumpendekezea yeyote aliyeniuliza, na hata wale ambao hawakuniuliza.

Ilikuwa likizo ndefu ya Desemba, na mtu ambaye hajaishi Eastlands hawezi kujua jinsi Desemba inavyoweza kuwa tupu huku. Wiki moja watoto wamejaa kwenye ngazi, wiki inayofuata unasikia viatu vyako mwenyewe. Watu wameenda ushago, vijijini kwao. Wamefunga milango kwa kufuli mbili, wamebeba mafuta ya kupikia, sukari na godoro la kumpa nyanya, mama wa baba, wamekwenda. Sisi pia tulikuwa watu wa kwenda, kwetu ni upande wa Kakamega, na mimi kila mwaka nilianza kuhesabu siku kabla hata ya mitihani. Lakini mwaka huo kiwanda cha magodoro alikofanya kazi Baba kiliwaambia wafanyakazi wakae nyumbani mpaka waitwe, na mwito haukuja. Baba akawa anatoka asubuhi kwenda Industrial Area kutafuta kibarua na kurudi na viatu vimejaa vumbi. Hakuna aliyetuambia kwamba hatuendi ushago. Ni vile tu mabegi hayakushuka kutoka juu ya kabati. Ploti ikabaki na familia za Kiislamu, ambazo hazikuwa na haraka ya Krismasi, na sisi.

Hamdi alikaa chini yetu na mama yake na kaka yake mkubwa, Liban. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Liban, aliuza uturi na ubani Eastleigh, na ngazi zetu zilijua siku aliyopita hata kama hukumwona. Alikuja Kenya akiwa na Liban mgongoni, akikimbia vita Somalia. Hamdi alizaliwa hapa hapa Nairobi, akisema Sheng kunishinda, akijua kutukana kwa Kiluhya maneno ambayo hata mimi Mluhya nilikatazwa. Lakini makaratasi yao yalikuwa bado ya wakimbizi, na walikuwa wakingoja kupelekwa nchi nyingine tangu kabla Hamdi hajajua kutembea. Mimi hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba yeye ndiye aliyebaki, na kwamba anaogopa njiwa, na kwamba paa lote sasa ni letu.

Mchezo wetu ulikuwa na sheria chache. Ndege ikipaa, anayepiga kelele "Yangu!" kwanza ndiye mwenyewe. Lazima aseme inaenda wapi, kisha atoe sababu ya watu kwenda huko likizo. Mwenzake anaweza kukubali au kukataa. Ndege inayotua haikuhesabiwa. Hizo tuliziita makapi. Zilileta watu huku, na huku tulikuwa tunakujua: nani atapiga kelele kwa ajili ya kuja Embakasi? Hamdi alikuwa na faida, maana ndugu zao walikuwa wametapakaa duniani na walipiga simu kila Ijumaa. Mimi nilikuwa na ramani ya darasani, yenye shimo mahali pa Urusi, na matangazo ya redio.

"Yangu! Inaenda Oslo."

"Oslo wacha," Hamdi alisema. "Shangazi yuko huko. Anasema saa tisa mchana jua limefunga duka limeenda."

"Basi Kanada."

"Kanada iko sawa. Ukishuka tu unapewa jaketi."

"Ya bure?"

"Ya bure. Lakini ukiivaa mkono haukunji. Unakula kama sanamu."

Tulicheka mpaka mwanamke wa nyumba ya mwisho akatoka kuangalia kama tumeangusha nguo zake. Dubai tuliisifu kwa kukosa matope, tukaikataa kwa sababu watoto hawachezi nje, jua litawakaanga. Uchina tuliiacha, ni mbali na chakula hatukijui. Chaguo langu mwenyewe, ambalo nililitetea kila siku, lilikuwa mahali penye bahari na pia penye ugali. Hamdi aliniambia hapo si ng'ambo, hapo ni Mombasa, na nikakasirika kama mtu aliyeambiwa mtoto wake hana akili.

Sasa, Liban. Alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyemaliza shule na kulala. Hivyo ndivyo tulivyomwona. Mama yake alimwambia aende dukani kumsaidia, akasema atakwenda, kisha akabaki kitandani na simu kifuani akiangalia dari. Siku moja niliuliza kwa nini haamki, na Mama Liban, akiwa anapika anjera, chapati zao laini za Kisomali, kwenye kikaango, akanijibu kwa uchovu, "Liban ana buufis." Nikapanda juu mbio kumwambia Mama. Mama yangu ni mtu ambaye akisikia neno ugonjwa mikono yake inaanza kazi kabla kichwa hakijafika. Alituzuia kunywa kikombe kimoja na watoto wa chini. Akachemsha tangawizi na ndimu, akatia pilipili, akafunga chupa ya chai kwa taulo na kushuka nayo mwenyewe, mimi nyuma yake.

"Mama Liban, pole. Nimesikia kijana amepatwa na buufis. Imemshika kifua ama tumbo?"

Mama Liban alimtazama. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha polepole kilichomkalisha chini mlangoni, ushungi ukamteleza begani, machozi yakamtoka. Mama yangu alisimama na chupa yake, hajui kama ametukanwa. Mwenzake alipopata pumzi akamshika mkono. "Dada, buufis si ya kuchemshiwa. Ni ugonjwa wa kutaka kwenda. Mtu mwili uko hapa, roho imeshapanda ndege. Anangoja aitwe. Sote tunangoja, lakini yeye ndiye imemlaza."

Mama aliiweka chupa chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea, "Basi hata juu kwangu imeingia." Alimaanisha Baba, naye aliyekuwa akingoja kuitwa na kiwanda. Wakainywa ile tangawizi wao wawili, palepale mlangoni, na Liban akaletewa kikombe ndani. Aliimaliza yote. Alisema imemsaidia koo.

Ni siku hiyo nilipoelewa kwamba mchezo wetu kwa Hamdi haukuwa mchezo. Kuna siku simu italia, na mtu atataja nchi, na wataondoka. Usiku huo sikulala vizuri, na kesho yake juu ya paa nikabadilisha mapendekezo yangu yote. Sikutaka tena Kanada. Nilitaka Hamdi, kama lazima aende, aende mahali ambapo mimi ninaweza kufika likizo. Hilo tu. Nikaanza kuisifu Uganda. Nikasema Uganda ni ng'ambo pia, tena kuna ndizi za kila aina. Nikasifu Arusha. Kila ndege iliyopaa nikaipeleka Entebbe. Hamdi akaniangalia kwa huruma ya mtu mzima. "Nekesa, Uganda si majuu. Uganda ni hapo tu." Nikamwambia ndiyo maana. Hakuuliza ndiyo maana nini. Alivuta shuka mbili karibu, tukakaa katikati yake kama ndani ya hema, na ndege kadhaa zikapita bila mtu kuzidai.

Simu ilikuja kabla ya mwaka mpya. Nilijua kwa sababu chini walipiga vigelegele, kisha wakanyamaza ghafla. Hamdi alipanda paani akiwa amevaa gauni la Idi ingawa haikuwa Idi.

"Tumeitwa," alisema. "Mji unaitwa Omaha."

Tulikaa tukilitafakari jina. Halikuwa kwenye orodha yetu. Hakuna ndege tuliyowahi kuipeleka huko, wala shangazi aliyepiga simu kutoka huko. Na mimi, ambaye darasani nilikaa kati ya Omondi na Ochieng, na jirani yetu wa mkabala ni Baba Otieno, nilisikia jina hilo na moyo wangu ukaruka kwa furaha.

"Omaha? Hilo si jina la Kijaluo?"

Hamdi alifikiri. "Linafanana."

"Ni la Kijaluo! Hapo lazima ni karibu na Siaya, kwa Wajaluo. Sisi tukienda ushago tunapita Kisumu!"

Nieleze vipi furaha ile? Nilimshika mabega nikamrusha-rusha. Tukapanga yote. Likizo ya Aprili nitashuka Kisumu, yeye atakuja kunipokea, tutakula samaki, kisha tutaenda kwetu nimwonyeshe ng'ombe. Hamdi alikuwa na wasiwasi kuhusu ng'ombe tu. Nilimwambia atazoea. Nilishuka nikamwambia Mama, na Mama, ambaye alikuwa akipepeta maharagwe akiwa na mawazo yake mengine, akasema, "Omaha? Huko nadhani ni watu wa Bondo huko, Siaya hiyo hiyo," na hilo likawa muhuri. Kwa siku kadhaa nilitembea nikiimba. Nilishangaa tu kwa nini Mama Liban anauza makochi kwa ajili ya safari ya Siaya, lakini watu wazima huuza vitu.

Ni Liban aliyeniambia, na hakutaka. Nilimkuta kwenye ngazi amekaa, nikaona ni vizuri nimsaidie mtu asiyejua njia. Nikamwambia wasipande basi la usiku, kuna baridi Mau Summit, na wakifika Kisumu wasikubali kubebewa mizigo na watu wa stendi, wapande gari za kwenda Busia waulize Omaha. Alianza kucheka kama mama yake alivyocheka siku ya tangawizi. Halafu akaniona uso. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha ramani, akaweka kidole Kenya. Akakisukuma. Ramani ikawa bahari. Akasukuma tena, bado bahari. Nilidhani simu imeharibika. Nchi ilipotokea alisukuma tena mpaka katikati kabisa, mahali pasipo bahari wala ugali.

"Hapa," alisema.

"Na wewe utakaa upande gani?"

Akaifunga simu. Hapo ndipo nilipojua la pili. Walioitwa ni mama yake na Hamdi. Liban alikuwa ameshakuwa mtu mzima, faili lake lilitengwa na la mama, na faili lake halikusema lolote. Ugonjwa ulimlaza yeye, safari ikapewa wengine. Mama Liban alitaka kukataa. Kwa siku nzima tuliwasikia chini wakibishana kwa Kisomali, sauti ya mama juu, sauti ya Liban chini na taratibu, ikirudia jambo moja. Baadaye Hamdi alinitafsiria. Alikuwa akisema: nendeni mkanipashie moto nyumba.

Waliondoka asubuhi ya jua kali, mwezi wa kwanza, shule zikiwa karibu kufunguliwa. Mama yangu alimpa Mama Liban tangawizi mbichi imefungwa kwenye gazeti, na sijui kama ilifika. Hamdi alivaa sweta mbili ili asinunuliwe jaketi, nikamkumbusha kwamba jaketi ni bure, akasema hiyo ni Kanada. Hatukulia. Tulikuwa na aibu, watu wengi walikuwa wakitutazama. Jioni nilipanda paani peke yangu, nikamkuta Liban amesimama kati ya nguo za watu. Ndege ikapaa. Hatukujua kama ni yao. Tuliitazama mpaka ikawa kama mbegu ya ufuta. Liban akasema, "Sema basi." Nilifungua mdomo lakini sikuweza kusema ni yangu, na kumwambia ni yake pia sikuweza.

Sasa mimi ni mtu mzima wa kulipa kodi, bado niko Fedha, na ninafanya kazi ndani ya ndege. Nikisema hivyo watu hushtuka, wakadhani ni yule wa skafu na kofia. Mimi ni wa ufagio. Abiria wakishuka sisi tunapanda, kikosi chetu cha glavu, tunakunja blanketi, tunafuta meza, tunaingiza mikono kwenye mifuko ya viti ambamo binadamu wanaficha mambo yasiyosemeka. Nimeingia ndege nyingi kuliko matajiri, na sijawahi kufunga mkanda. Magoti yangu yameanza kulia kama mlango wa zamani. Nikirudi nyumbani ninanuka kahawa, manukato ya watu na soksi zao, na ninakaa kitandani na viatu kwa muda kabla sijakumbuka kuvivua.

Majirani wananichukulia kama mtaalamu. Kuna ofisi pale Donholm iliyobandika picha za Dubai, mnara na ngamia, na kila Desemba kuna chama cha akina mama kinanisimamisha kwenye kibanda cha mboga. "Nekesa wetu, wewe ndiye unajua majuu. Twende wapi mwaka huu?" Ninawajibu kwa kile ninachokijua, yaani takataka. Nawaambia Istanbul ni pazuri, watu wa huko wanatafuna mbegu njia nzima, maana yake wana furaha na hawana haraka. Nawaambia ndege ya Dubai huja na masanduku mapya lakini abiria wamechoka kuliko walivyokwenda. Mumbai naipendekeza kwa moyo wote, viti vinabaki na harufu ya bizari na kuna mtu siku zote ameacha peremende. Wanacheka, wanaenda zao, na mwisho wa mwezi wanakwenda ushago. Wakiniuliza mimi mwenyewe napenda likizo gani, nasema ya kulala. Hawaamini. Wanajua nilivyokuwa utotoni.

Liban anauza mapazia Eastleigh na ana watoto wake. Faili lake halikuwahi kusema kitu. Nikipita dukani huniuliza kama buufis imeniisha, nami humuuliza yeye kama yake imemwisha, na sote tunasema bado kidogo, halafu ananipa kiti.

Na Hamdi anaishi Omaha. Anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, anawageuza usiku, na sauti yake inapokuja kwenye simu ina uchovu ninaoujua, ni kama wangu umevuka bahari ukarudi. Kiswahili chake kimeanza kujikwaa. Sheng yake ni ya mwaka ule, maneno ambayo huku hakuna mtoto anayeyasema tena. Wiki iliyopita alinitumia sauti akiwa ndani ya gari lake, injini inanguruma. Amepewa likizo, ya kwanza ndefu. Wenzake kazini wanamwambia aende Meksiko alale ufukweni aletewe vinywaji. "Lakini sijui," alisema. "Nipendekezee wewe. Wewe ndiye ulikuwa unajua."

Ningeweza kumwambia Meksiko. Ni mahali penye bahari, na kama si ugali basi kuna kitu cha mahindi. Nikapanda ngazi kwenda paani kwanza, maana nilitaka nisimdanganye. Mlango siku hizi una kufuli, ilibidi nimwombe mwangalizi wa ploti ufunguo, akaniuliza kama nina nguo za kuanika, nikaenda kuchukua sare yangu ya kazi nikaiosha ili niwe nazo. Juu kumejaa tangi na nyaya za intaneti. Ghorofa mpya zimekula mbingu upande mmoja. Nikaanika sare yangu, nikabonyeza simu, nikamwambia kila kitu kwa sheria za mchezo wetu. Nikamwambia kuna matope. Maji yanakuja yakitaka. Ndege unaiona nusu tu, nusu nyingine imezibwa na ghorofa. Njiwa wamezaana. Lakini kaka yako yuko, na ukishuka tu unapewa tangawizi. Ya bure.

Hajajibu kwa maneno. Alituma kicheko tu, kile cha mama yake, cha polepole, na mwishoni kikageuka kitu kingine kabla hakijakatika.

Niliendelea kusimama pale mpaka sare ikaanza kukauka. Ule mngurumo ukaja, tangi zikatetemeka, na ndege ikatokea pembeni ya ghorofa, chini sana, taa zimewaka, magurudumu yameshafunguliwa. Ilikuwa inatua. Labda ni ya zamu yangu ya kesho, na makombo yake yote yananingoja. Labda siku moja itakuwa nyingine, iliyombeba Hamdi. Shuka za watu zilisimama kidogo, halafu zikapeperuka tena, na hakukuwa na mtu wa kubishana nami.

"Yangu," nikasema.